Tai ya Baba Mkwe

Jumatatu, 5 Septemba 1955

Nimefua tangu asubuhi. Mwezi huu Mbeya ni upepo na vumbi tu, nguo inakauka huku inachafuka. Lugano anaota meno, hanyonyi vizuri, ananing'ata. Tumaini kala udongo wa ukutani tena. Nimemchapa kidogo, halafu nikamwonea huruma nikampa kiazi.

Baba Tumaini ameitwa Iringa. Kiwanda cha mbao kinataka karani wa ghala. Aliyemsemea ni Kalinga, Mhehe waliyesoma naye, yuko kule ofisini. Alhamisi ya wiki ijayo ataonwa na Bwana mwenyewe, Mzungu wa kiwanda, aulizwe maswali.

Tangu duka la Mhindi lifungwe yeye hana kazi ya kueleweka. Ameshasema, ikishindikana Iringa anaandikisha jina kwa wale wanaokusanya watu wa migodi. Anakwenda Joni, kule Afrika Kusini. Kaka yangu alikwenda Joni. Huu mwaka wa nne, na mama bado anamwekea kigoda chake.

Mungu atupe Iringa.

Jumatano, 7 Septemba

Sikujua kuwa kitambaa cha shingoni kinaweza kugombanisha watu wazima.

Mzee Rajabu, fundi cherehani wa jirani, anasema mwanamume asiende kuomba ukarani bila tai. "Bila tai wewe ni boi. Utaulizwa kama unajua kupiga pasi." Baba Tumaini amekubali kwa kichwa.

Jioni likaja neno la Kalinga kwa dereva wa basi. Avae shati safi, suruali iliyonyooka, viatu. Tai asithubutu. Bwana yule hapendi Mwafrika mwenye tai, anasema hao ndio wanaohudhuria mikutano ya siasa na kufundisha wenzao kiburi. Juzi kamrudisha mmoja kutoka mlangoni.

Mimi nimesema basi, imekwisha, haendi na tai. Watoto hawali tai. Baba Tumaini amenyamaza. Ananyamaza hivyo akiwa hakukubali.

Jumamosi, 10 Septemba

Baba mkwe amefika kutoka Rungwe. Nilikuwa uani nikasikia kikohozi chake barabarani, anakohoa makusudi ili nijue. Nikakamata watoto nikaingia ndani, nikajifunika khanga, nikageukia ukuta mpaka alipopita. Amefikia kwa Mzee Rajabu.

Mama Rehema, mke wa Mzee Rajabu, amekuja kunicheka. Yeye mtu wa Tabora. "Mwenzangu, umezaa wajukuu wawili wa mzee yule na hujamwona pua?" Nikamwambia ndiyo, sijamwona. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hataji jina lake, hagusi nguo yake wala chombo chake. Wengine wa kanisani wameacha. Mimi sijaacha. Si woga. Ni heshima niliyolelewa nayo, na yeye ananirudishia. Hajanipita hata siku moja bila kukohoa kwanza.

Lakini alicholeta! Tai. Yake mwenyewe, ya kahawia yenye mistari, ameikunja ndani ya kitambaa cha Biblia. Hakuna aliyemwagiza. Kasikia tu kuwa mwanawe anaitwa na Mzungu, akapanda gari.

Sasa kukataa tai si kukataa kitambaa tena. Ni kumkataa mzee.

Nimekasirika. Nimekasirika hata sijui na nani.

Jumapili, 11 Septemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Lugano alilia, nikakaa nje na wenye watoto.

Baada ya chakula Baba Tumaini akajaribu kuifunga. Hajui. Akazungusha, akakaza, ikawa kama kamba ya mbuzi. Akajaribu tena, mkia mmoja ukafika magotini. Tumaini akacheka mpaka akaanguka. Mimi sikucheka.

Anayejua ni mimi. Nilipokuwa msichana nilikaa miaka miwili kwa Bwana mzee wa misheni, mikono yake ilikuwa inatetemeka, nami ndiye niliyemfunga tai kila Jumapili. Baba Tumaini analijua hilo. Akanisogelea nayo. "Nifungie basi, mama." Nikaruka nyuma. Siwezi kuigusa, nguo ya baba yake ile.

"Basi nielekeze kwa mdomo."

Nikasema sielekezi. Hilo si mila, hilo ni langu. Nikamwambia kabisa: ukivaa hiyo Bwana atakufukuza, utakwenda Joni, nami nitabaki na hawa wawili nikimwekea mtu kigoda. Nikamwambia sitakufunga mimi mwenyewe kitanzi cha kukupeleka migodini.

Akaikunja akatoka. Neno la kitanzi lilikuwa baya. Lakini hofu ninayo, na hofu si uongo.

Jumatatu, 12 Septemba

Leo limetokea jambo. Niliandike kabla Lugano hajaamka.

Nilikuwa jikoni. Nikasikia kikohozi, karibu kuliko siku zote, upande wa pili wa ua wa matete. Hapo pana jiwe langu la kusagia. Nikajifunika. Nikangoja apite. Hakupita. Akaketi. Akaanza kusema na jiwe.

Ndivyo wanavyofanya wazee wenye neno la kumwambia mkwe. Hawamwambii yeye. Wanaambia kitu, yeye anasikia kama kwa bahati.

"Jiwe," akasema, "mimi najua kusoma. Nilisoma kabla mwanangu hajazaliwa. Siku moja nikasikia kwamba panatafutwa mwandishi. Nikaenda. Shati langu lilikuwa safi, shingo wazi, miguu mitupu kama wote. Bwana alinitazama mara moja. Hakuniuliza kama najua kusoma. Alinionyesha mizigo. Nikabeba, jiwe. Nilibeba mpaka meno yakaanza kung'oka. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema."

Nikasikia anajikuna goti.

"Tai nilinunua baadaye, siku misheni walipouza nguo za wazee wao. Haikunipa kazi. Sisemi itampa kijana. Nasema tu, nataka aulizwe. Akikataliwa akataliwe ameulizwa. Na mwenye watoto ana haki ya kuogopa, jiwe. Mwambie sijakasirika."

Akaondoka na kikohozi chake.

Nimekaa na mwiko mkononi mpaka ugali umeungua. Mimi nilikuwa nafikiri habari ya kupata na kukosa. Yeye anafikiri habari ya kuulizwa. Sijui nani ana haki. Joni ni Joni. Lakini mtu kubeba mizigo maisha yake yote na kusoma kwake kumefungwa mdomoni, hilo nalo ni aina ya migodi.

Jumanne, 13 Septemba

Nimemfundisha.

Nilichana ukingo wa khanga kuukuu, nikajifunga shingoni mwangu. Nikasimama mbele yake, yeye na tai, mimi na khanga. Nikipeleka kulia yeye anapeleka kushoto. Tukachekana. Mwisho nikasimama ubavuni pake, wote tukatazama kioo cha dirisha. Upana juu ya wembamba. Zungusha. Tena. Pandisha kwa ndani. Teremsha. Usikaze kama unachinja.

Mara ya nne ikakaa. Sikuigusa hata kidogo. Nilikuwa naelekeza kwa kidole, mbali, kama mtu anayeonyesha nyoka.

Nilimwambia maneno mawili tu. La kwanza, hayo ni mapenzi yangu, si kwamba umenishinda. La pili, ukifika mlangoni kwa Bwana shauri ni lako, vaa au vua, sitakuuliza kwa nini. Akanitazama kwenye kioo muda mrefu. Shingo yake nyembamba. Sikuwahi kuiona hivyo.

Jumatano, 14 Septemba

Ameondoka na basi la alfajiri. Tai ameivaa tangu hapa nyumbani, anaogopa kulisahau fundo. Baba mkwe naye amerudi Rungwe. Mgongo unaniuma. Nyumba kubwa leo.

Jumamosi, 17 Septemba

Amerudi, vumbi mpaka kope.

Walikuwa wengi kwenye benchi, wengine wametoka Njombe, wengine shule ya Tosamaganga na Kiingereza chao kizuri. Wote shingo wazi. Onyo la Kalinga lilikuwa limewafikia wote. Mwenye tai peke yake alikuwa yeye. Kalinga alipomwona alishika kichwa. "Ambakisye, vua hiyo kitu, unatafuta kifo?"

Akataka kuvua. Ananiambia kweli, mkono ulishafika kwenye fundo. Halafu akawaza: nikilifungua sitaweza kulifunga tena, mke wangu yuko Mbeya. Kumbe usiku alilala nayo shingoni! Aliilegeza tu, asubuhi akaivuta. Nilicheka mpaka machozi. Akasema hata kuivua nzima kichwani hakuthubutu, watu wangemwona kama ng'ombe anayetoka kwenye nira.

Basi akaingia. Bwana akaitazama tai kabla ya kumtazama uso. Akamwuliza, unahudhuria mikutano? Akajibu, hapana Bwana. Hiyo umeitoa wapi? Akajibu, ni ya baba yangu. Bwana akampa hesabu ya mbao, urefu na upana. Akaimaliza. Akaulizwa tena, akajibu. Akaambiwa nenda, utasikia.

Ameulizwa. Hilo limetimia. Sasa tuone kama tutakula.

Alhamisi, 22 Septemba

Kimya. Lori la migodi limekuja sokoni, vijana wamepanda wanaimba. Baba Tumaini alisimama akitazama. Nilimshika mkono mbele za watu. Mama Rehema aliniona. Sijuti. Nasema sijuti, halafu usingizi haunipati.

Jumamosi, 1 Oktoba

Amepata!

Kalinga kaja mwenyewe na lori la mbao. Anasema Bwana alirudi kutoka shambani akauliza, yule wa tai yuko wapi, mwiteni yule wa tai aanze kazi. Basi. Hakusema zaidi.

Nimepiga vigelegele, Lugano akashtuka akalia. Baba Tumaini aliketi chini pale pale kwenye vumbi.

Baadaye, nikiwa nasonga ugali, nikalirudia neno lile. Yule wa tai. Alimchukua kwa sababu ya tai? Alimchukua ingawa ana tai? Au wale wengine walimchanganyikia, na huyu akakumbukwa kwa alama tu, kama gunia lenye mstari mwekundu? Na jina hakulishika. Ambakisye si jina gumu. Limeniuma kidogo katikati ya furaha. Sikumwambia.

Jumapili, 13 Novemba. Iringa

Baridi ya huku inauma kuliko ya kwetu. Tuna chumba na jiko. Tumaini ameshajua kumwamkia "kamwene" kila mtu anayepita, hata mbuzi.

Ghalani Baba Tumaini anavaa kaki, shingo wazi, na bado anaitwa Tai. Ameshazoea. Mimi bado. Yenyewe ipo kwenye msumari ukutani. Mzee alikataa kurudishiwa. Mimi nafagia chini yake, siigusi.

Leo baada ya ibada amekuja jirani, Mama Zawadi, amembeba mtoto mgongoni. Mumewe ameitwa kesho kwenye ofisi moja mjini. Ameazima tai kwa mwalimu, lakini ndugu zake wanamwambia atafukuzwa. "Mama Tumaini, ninyi mnajua mambo haya. Avae au asivae?"

Nilitaka kumpa jibu. Nikamwambia kweli, dada, sijui. Kwetu ilikuwa hivyo, kwenu huenda ikawa vingine, na anayejua kilicho moyoni mwa Bwana ni Bwana. Akasikitika. Akafikiri namficha.

Nikamkaribisha aketi. Nikachana ukingo wa khanga yangu, nikampa. Nikasimama ubavuni pake. Nikamwambia, kuvaa ni shauri lake mumeo, lakini asiache kwa sababu hajui kufunga.

Mikono yake ni myepesi. Mara ya pili tu alikuwa ameshaweza.