Usitupe Hizo Dawa Kabla ya Kusikia Yangu

Boma la Mzee Oyugi,
Katito,
Nyakach.

7 Septemba 2024

Mpendwa mpwa wangu Elsie,

Pokea salamu nyingi za mjomba wako. Habari ya Voi na joto lake? Habari ya shule, na wale watoto wa watu unaowafundisha hesabu? Sisi huku hatujambo. Mke wangu Selpha ana goti linalomsumbua akipanda mlima, lakini mdomo wake mzima kabisa. Mimi niko imara. Watu wa rika langu hapa Katito wamebaki wachache, na hao waliobaki wakiniona napita wanaulizana huyu anakula nini.

Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Shule niliacha darasa la tatu kwa sababu ng'ombe walinihitaji kuliko mwalimu, kwa hiyo soma tu, usitoe ile kalamu nyekundu. Ningekupigia simu, lakini simu ya nyumba hii ikiongea hata jirani anajibu, na haya ni ya wewe na mimi. Nimetumia Kiswahili maana Wakhisi baba yako alikulea huko kwao Bungoma, na Kidholuo chako kinatosha kuomba maji peke yake.

Mama yako Apiyo alikuja hapa juzi. Alikunywa chai, akazunguka maneno, mwisho akasema. Ati umepewa dawa ya wasiwasi, na wasiwasi wenyewe umepungua, lakini dawa imekugeuza gogo. Ukitoka darasani unalala na viatu. Vitabu vya watoto vimejaa mezani havijasahihishwa. Kwaya uliyokuwa unaiongoza umewaachia wengine. Na sasa unataka kuzitupa dawa zote. Elsie, ngoja kwanza. Katika ukoo wetu hakuna mtu anayelijua jambo hili kunishinda.

Wewe hukuambiwa, lakini kabla ya Krismasi wasiwasi huo huo ulinishika mimi. Unajua kazi yangu ni udalali wa ng'ombe. Nikimtazama fahali mara moja nakutajia kilo zake, na mizani ikikataa, basi mizani ni mbovu. Sasa niko mnadani, nimeshika kamba ya ng'ombe wa watu, mara moyo ukaanza kukimbia. Mikono ikatoa jasho, kifua kikabana. Nilijua nimekufa. Binti yangu Maryanne akanichukua kwake Migosi, tukaenda hospitali hapo Kisumu, wakaupima moyo kwa mashine. Aliyepima alisema ni moyo wa kijana. Mwambie mama yako. Kumbe shida, wakasema, ni ugonjwa wa wasiwasi. Nilikataa. Oyugi aogope nini? Lakini wasiwasi ulirudi, ukarudi tena, mpaka nikawa siwezi kuvuka soko la Katito. Basi nikameza dawa.

Wasiwasi ukaondoka, hapo sidanganyi. Lakini ulibeba vitu ambavyo havikuwa vyake. Nilikuwa nakaa kitini kutoka chai ya asubuhi mpaka ugali wa jioni. Mtu akinidanganya bei ya ng'ombe, namwambia sawa. Hata hasira iliniisha. Mwanzoni watu wa boma walifurahi sana. Wake za vijana wangu wakawa wanaimba jikoni. Mchungaji akasema maombi yamejibiwa.

Halafu mvua ikanyesha. Hapa wacha nikueleze, maana kwa akina Wakhisi mambo ni mengine. Kwetu mtoto hapandi kabla ya baba. Mwenye boma na mke wake ndio wanatia mbegu ya kwanza ardhini, halafu kijana mkubwa, halafu anayemfuata. Ukimruka baba umeiharibu nyumba, na mchungaji ahubiri vyovyote, hakuna kijana wangu atakayejaribu. Odongo na mdogo wake Amolo wakanoa majembe. Wakaja asubuhi, wakanikuta kitini. Wakaja kesho yake, kitini. Mahindi ya Ondiek jirani yetu yakachomoza, yakawa yanatutazama.

Mwisho Odongo akanijia na heshima zote, kofia mkononi. "Baba, udongo unakauka."

Nikamwambia, "Pandeni tu."

Elsie, alirudi nyuma kama mtu aliyeona nyoka. Huyu ni kijana niliyewahi kumfukuza na fimbo kwa kutia maharagwe nyuma ya choo kabla yangu. Hakupanda. Alikwenda jikoni nikamsikia anamwambia mama yake, "Mama, mzee anakufa."

Neno hilo lilinifikia. Nikaona adui ni dawa. Nikaenda nikazitupa chooni zote, mimi mwenyewe, bila kuuliza mtu, na nikalenga vizuri. Nikajiona mwerevu. Ndivyo na wewe unavyotaka kujiona. Siku chache tu kichwa kikaanza kuzunguka, usingizi ukanihama, na wasiwasi ukarudi, safari hii pamoja na shemeji zake. Nikawa nashtuka hata kuku akipiga mbawa.

Selpha hakubishana na mimi. Alinivalisha koti, tukaenda Kisumu. Daktari wangu ni msichana wa Kibukusu, wa watu wa baba yako, anaitwa Naswa, umri wa wajukuu zangu. Kila kliniki alikuwa ananiuliza, "Mzee, unaendeleaje?" na mimi namjibu vile mwanaume anavyomjibu mtoto wa kike: mzima kabisa. Yeye anaandika mzima, ananipa zile zile. Siku hiyo akauliza tena. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, Selpha akanitangulia.

"Daktari, huyu usimsikilize. Wasiwasi ulienda, lakini ulienda na bwana yangu. Hajapanda. Vijana wanamngoja. Nirudishie hata nusu yake."

Naswa akaweka kalamu chini. "Mzee, mbona hukuniambia huna nguvu?"

"Uliniuliza kama mimi ni mzima," nikasema. "Hukuuliza habari ya jembe."

Alicheka, kisha akanigombeza sawasawa, na nikamkubalia. Selpha anasema hapo ndipo alipoogopa kweli.

Alinieleza kwamba dawa hizi ni za aina nyingi, na inayomtuliza huyu inamlaza yule. Ikikukataa inabadilishwa. Kuziacha ghafla ndiko kubaya; ukitaka kuziacha zinapunguzwa polepole, daktari akiangalia. Akanipa nyingine, ya kumeza asubuhi, akasema haina haraka, nivumilie majuma. Tena akanipeleka kwa mama mmoja mshauri, niwe naongea naye. Niliingia nikiwa nimeapa kunyamaza. Nikaongea mpaka wakataka kufunga ofisi.

Hiyo mpya nayo mwanzoni ilinikausha mdomo, na tumbo likalalamika, sikufichi. Kisha asubuhi moja niko pale pale kitini, mbuzi wa Ondiek akaingia shambani kwangu, akasimama katikati kama mwenye hati. Nikainuka. Nikamtukana yule mbuzi, na mama yake, na Ondiek, mpaka wapita njia wakasimama. Selpha akatoka jikoni na mwiko mkononi, analia na kucheka.

"Amerudi," akasema. "Mungu wangu, ni yeye yule yule."

Naam, kilichorudi kwanza ni hasira, na jembe likafuata. Nikamwambia alete mbegu. Wakati wa mahindi ulikuwa umepita, tukapanda mtama. Sijamaliza mstari wa kwanza na Selpha, Odongo ameshasimama mpakani mwa shamba lake na Amolo nyuma yake, wameinama kama wakimbiaji wanaongoja filimbi. Kufika Juni jua likayachoma mahindi ya watu. Mtama wangu ulisimama. Siku hizi nawaambia watu niliona jua hilo mapema ndiyo maana nikachelewa, na wewe usiende kunisuta.

Sikwambii wasiwasi umekufa. Siku nyingine unapita njiani, tunasalimiana, unaenda zake. Lakini mnadani nafika, na Jumanne iliyopita nimebishana bei na watu wa Sondu mpaka sauti ikakauka. Nilifurahi sana.

Sasa sikia, mwalimu. Ng'ombe mkali anafungwa kamba, hakatwi miguu. Dawa yako inakukata miguu, na daktari wako hajui, kwa sababu najua ulimwambia uko sawa. Nakujua, wewe ni damu yangu. Usitupe hata kidonge kimoja. Nenda Jumatatu ya kwanza ukishapata barua hii, umwambie yale uliyomwambia mama yako, ya viatu na ya vitabu na ya kwaya, usipunguze. Nenda na mume wako Cliff, ukianza kusema mzima yeye akutangulie. Daktari akikupa nyingine na hiyo nayo ikikataa, rudi tena. Hakuna haya. Mimi nilirudi, na shingo yangu ilivyo ngumu unaijua.

Kama Jumatatu hiyo itapita hujaenda, nitapanda basi nije huko Voi. Mimi nikija kwa mtu najua kukaa. Maryanne ameshaonja, muulize.

Nisalimie Cliff, umwambie nampa kazi hiyo kwa mkono wangu. Wasalimie walimu wenzako. Selpha anakusalimu, anasema ule vizuri. Odongo na Amolo na wake zao wanakusalimu, na Maryanne wa Migosi pia. Mama yako nitamwambia nimekuandikia, lakini sitamwambia nimeandika nini.

Mungu akurudishie nguvu zako zote. Na zikirudi na hasira kidogo, mama, zipokee hivyo hivyo.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda na sichoki,

Oyugi