Mikono ya Shangazi

Jumatatu, 6 Mei
Mvua. Stesheneri imejaa watu wa vyeti, nimetoa kopi mpaka mashine ikachemka. Mchana simu ya Dodoma: nimepata! Afisa manunuzi. Wanataka jibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Nimerudi Tongoni mbio nimwambie shangazi aliyenilea. Kafurahi, kanibusu, kisha kanionyesha mkono wake wa kushoto. Haushiki tena hata kopo. Yeye ndiye anayeosha maiti wa kike hapa kijijini, miaka nenda rudi, na sasa anataka nimrithi. Mimi! Ninayeogopa kupita makaburini saa saba mchana.

Nimemwambia ngoja kwanza niswali istihara, Mungu anichagulie.

Jumanne, 7 Mei
Jana nimeswali istihara kabla ya kulala. Nimeota mbuzi anakula chapati. Sasa mbuzi ndiyo Dodoma au ndiyo shangazi?

Neema, Mlutheri wa Maramba ninayefanya naye kazi, kacheka mpaka kakaa chini. "We unangoja Mungu akutumie meseji?" Mwenyewe kaacha chuo cha ualimu, wiki ya tatu anasali, hajui arudi au asirudi. Tunafanana. Ila yeye haogopi maiti.

Jumatano, 8 Mei
Hakuna ndoto. Naogopa kulala, naogopa kutolala. Nikifumba macho naona mguu wa bibi. Nilikuwa na miaka tisa, nikachungulia penye pazia la kanga wakati anaoshwa, nikatapika. Tangu siku hiyo nikienda msibani nakaa mlangoni.

Nimemwambia shangazi istihara imekataa, sikuota kitu cha maana. "Nani kakwambia istihara ni sinema? Ukishaomba, nenda. Pa kufunguka patafunguka."

Rahisi kusema. Nataka kukimbia, basi. Uoshaji hauna mshahara wala likizo.

Alhamisi, 9 Mei
Zuhura kafa. Homa, siku mbili tu. Tulikaa dawati moja, darasa la tatu mpaka la saba.

Wamemfuata shangazi. Kanitazama, hakuniita. Kajitanda kanga, kashika kopo lake mkono wa kulia, katoka. Nikamfuata. Sijui kwa nini.

Nyuma ya pazia, maji ya majani ya mkunazi kwanza, mwisho ya kafuri ya kunukia. Upande wa kulia kwanza. Shangazi anaelekeza, mimi namimina. Nywele nikazisuka misuko mitatu, ndivyo anavyosukwa maiti wa kike. Shuleni yeye ndiye aliyekuwa akinisuka mimi.

Kinachoonekana ndani hakisimuliwi. Hata hapa sikiandiki.

Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo. Hilo limenitisha kuliko maiti. Kumbe mimi ni nani?

Ijumaa, 10 Mei
Saa tano na nusu nimepiga Dodoma. Nimesema siji. Bwana kauliza sababu, nikasema nimepata kazi nyumbani. Kauliza kama wanalipa vizuri. Nikakata simu.

Nimelia chooni. Yarabi, kama nimekosea? Nani atanipa mkono asifikirie mikono hii imeshika nini? Nani atanioa? Nimeogopa leo kuliko jana, na jana nilikuwa na maiti.

Neema kaniletea mihogo ya kukaanga.

Jumapili, 12 Mei
Mvua imekata. Nimepunguza kucha zote. Shangazi katandika mkeka uani, kajilaza, kajifunika kanga mpaka kifuani. Anataka nijifunzie kwake, maana misuko ya Zuhura niliilegeza. Kafumba macho.

"Zamu yangu ikifika, mwanangu, maji yawe ya vuguvugu. Baridi siipendi."

Nikasema sawa, shangazi.

Nywele zake zimekuwa chache. Mikono yangu ilitetemeka mwanzo mpaka mwisho. Alijua. Nimesuka yote mitatu.