Shujaa Aliyekufa na Mafuta ya Moto Mkobani

Jumapili, baada ya misa. Mvua imetoka ziwani tangu asubuhi na bado inapiga bati. Umeme umerudi sasa hivi, ndiyo maana naandika mbiombio kabla haujaondoka tena.

Edita mwanangu wa kwanza, na ninyi wengine mnaopita hapa kwenye blogu yetu kusoma, habari za siku? Habari za huko Mwanza, habari za masomo ya uuguzi, habari za chumba ulichohamia, hakivuji? Sisi hapa Nyanga tunamshukuru Mungu. Baba yenu hajambo, goti linamsumbua baridi ikiingia, lakini asubuhi utamkuta kibanjani anapunguza majani ya migomba kama kijana. Bibi yenu hajambo, anakusalimu sana, anauliza kama huko unapata ebitoke, ndizi zetu za kupika, au wanakushindisha na ugali tu. Fortunata mdogo wako hajambo, amefaulu yote isipokuwa hesabu, na hilo la hesabu hataki ulijue. Mbuzi amezaa. Asiimwe naye hajambo.

Hapo kwa Asiimwe vidole vimesita.

Nimemwomba ruhusa kwanza. Akasema, "Andika, Mama, ila jina la shuleni usiliweke." Kwa hiyo mnaosoma mjue hivi tu: ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, amezaliwa na virusi, nimemlea mimi, na ni wangu.

Edita, ile kompyuta uliyotuletea Krismasi, na mchezo uliomo ndani, Asiimwe ameupenda kuliko chakula. Kwa msiojua, ni mchezo wa shujaa anayezunguka mapangoni kupigana na madubwana. Upanga wake ni chuma tu. Lakini kuna soko mle mle mchezoni, wanauza mafuta ya kuupaka: ya moto, ya barafu, ya radi. Ukiupaka moto unawaka wote, na dubwana la barafu ukiligusa linayeyuka. La majini linaogopa radi. Ila mafuta yenyewe ni ya muda. Unapigana kidogo, moto unafifia, upanga unarudi chuma. Ni kama pasi ya mkaa, ukichelewa kuongeza unasugua nguo bure. Bibi yenu aliposikia mtoto anasema "napaka radi" alifanya ishara ya msalaba, maana huku kwetu mtu anayecheza na radi tunamjua ni mtu wa namna gani. Fortunata akamwambia, "Bibi, hii ni ya umeme wa TANESCO, ukikatika na uchawi umekwisha." Tulicheka sana siku hiyo.

Jumatano tulikwenda kliniki. Nesi akatuingiza ndani, akafunga mlango. Mimi mlango ukifungwa najua. Akasema damu ya Asiimwe haikurudi vizuri, virusi vimepanda, je, mtoto anameza dawa? Nikasema anameza, nampa mimi kwa mkono wangu, na maji ya kumezea nampa. Akauliza, "Unamwona akimeza, mama?" Nikasema ndiyo. Nesi akamtazama Asiimwe. Asiimwe akatazama viatu vyake.

Tukarudi nyumbani.

Mimi shule niliiachia darasa la nne, vita vilipoingia tukakimbia na vitanda vikabaki. Nimekuja kuwa msichana, ugonjwa huu umefika, tukauita Juliana kwa jina la kitambaa cha magendo, tukadhani ni mambo ya wafanyabiashara. Halafu tukazika. Tukazika mpaka mtu unaogopa kuuliza kilio kinatoka kwa nani. Mtu kama mimi hawezi kusikia neno "vimepanda" akapika chakula vizuri. Siku hiyo maharage yaliungua.

Sikumgombeza. Nikaenda tu nikakaa karibu naye pale kwenye kompyuta, nikamwambia anifundishe huo mchezo.

Waitu! Mimi nilipaka moto kila mahali. Popo, moto. Panya, moto. Mlango uliofungwa, nao nikaupiga kwa moto. Asiimwe akashika kichwa.

"Mama, unampaka panya moto! Panya!"

"Si ananiuma?"

"Anakuuma kidogo tu. Yatunze hayo. Atakuja mkubwa, utampiga na nini?"

"Mkubwa anakuja lini?"

"Hujui. Ndiyo maana unatunza."

Akaninyang'anya kiti acheze mwenyewe. Na kweli anacheza, mtoto yule, mimi macho yalishindwa kumfuata. Lakini anapiga na chuma kitupu. Akiumwa anarudi nyuma, anapumua, anaendelea na chuma. Akafika kwenye pango lenye theluji, likatoka jitu la barafu, refu kama mnara wa kanisa. Nikapiga kelele, "Paka, mwanangu, paka!" Akasema, "Bado, Mama. Huenda kuna mkubwa kuliko huyu." Akapigwa, akapigwa tena, akaanguka. Shujaa amekufa. Kioo kikawa cheusi.

Nikamuuliza, "Na yale mafuta?"

"Yapo mkobani."

"Yote?"

"Yote."

"Bojo, mwanangu, sasa yanamsaidia nini marehemu?"

Nilisema kwa utani. Wallahi sikuwa nafikiria kingine, nilikuwa namhurumia shujaa wake. Lakini Asiimwe hakucheka. Akainuka, akaingia chumbani. Nikasikia anavuta sanduku chini ya kitanda. Akarudi na kopo la majarini, akaniwekea mapajani.

Vidonge. Vyeupe, vingine vimegeuka rangi kwa unyevu. Alikuwa anaviweka chini ya ulimi, mimi nikigeuka anavitema. Si vyote. Siku anayojisikia mzima ndiyo anaweka, siku anayojisikia vibaya anameza.

Akasema, "Mama yangu alikufa kwa sababu dawa zilikuwa hazijafika huku. Nikasema mimi siku nikiugua kama yeye, niwe nazo nyingi."

Nilimshika. Kopo likaanguka, tukaokota vidonge pamoja.

Baadaye ndiyo nilipata maneno. Nilimwambia hii dawa si ya kungojea jitu, hii ni ya popo na panya wa kila siku. Ukiipaka kila siku, jitu halikui. Sijui kama nilisema sawasawa. Akaitikia kwa kichwa kuwa amesikia.

Ijumaa tulirudi kliniki na kopo letu. Nesi alilichukua, akasema vile haviliwi tena, akampa vipya. Hakumfokea, Mungu ambariki. Akasema ameze vizuri, kila siku, kisha watapima damu upya. Akasema inawezekana virusi vimeshaizoea dawa hii, inawezekana bado. Kama vimeizoea, ipo nyingine ya kubadilisha.

Tangu hapo Asiimwe anameza mbele yangu, anafungua mdomo kunionyesha bila kuambiwa. Lakini mchezo hajaugusa. Jana tukimenya ndizi akaniuliza, "Mama, na kama nimeshaumaliza moto wangu?" Nikamwambia nesi amesema ipo nyingine, kama jitu haliogopi moto si unalipaka barafu? Akasema, "Unanibembeleza tu." Nikamwambia sibembelezi. Akasema, "Muulize dada Edita. Yeye anayasoma hayo, na yeye hanidanganyi."

Basi, mwanangu, mimi nimefika mwisho wa ninayoyajua. Wewe ndiye unayekaa darasani. Ipo kweli hiyo dawa nyingine? Nayo inashika kama hii? Na mtoto akiwa amekosea kwa kuogopa, mwili unamsamehe?

Tafadhali leta neno upesi, hata leo hii ukimaliza kusoma, hata mistari miwili. Andika ukweli kama ulivyo, hata kama si mzuri. Na usiniandikie mimi. Mwandikie yeye, kwa jina lake la nyumbani. Mimi nitasimama nyuma ya kiti nisomee begani mwake.