Bijou Amenyamaza, Mpenzi Wangu

Mume wangu mpendwa, pumzi yangu,

Nimeketi kitandani kwetu, kizimba cha Bijou kiko magotini pangu, na kila nikimaliza mstari nanyanyua kidogo kikwembe, kitambaa kinachomfunika, nimtazame. Usishtuke, yuko hai. Lakini tangu mvua hii ilipoingia Kibabi hajapiga mluzi, na mimi bila mluzi huo sijui hata mikono yangu niiweke wapi.

Unakumbuka ulivyomleta? Ulitoka Goma kwa pikipiki siku ya harusi yetu, koti limevimba kifuani, wanakwaya wakanong'ona kwamba bwana harusi amenenepa kwa furaha. Tulipotoka kanisani ukafungua vifungo, na kichwa kidogo cha njano kikachungulia ulimwengu. Mjomba wangu akashika kiuno.

"Ng'ombe tuliona, mbuzi tuliona. Sasa hii nayo ni nini? Kasuku gani haina mukia mwekundu?"

Nawe ukamjibu, "Papa, hii si ya mahari. Hii ndiyo itamuongelesha bibi yangu wakati mimi siko."

Watu walicheka. Mimi nililia mpaka poda ikaharibika, maana nilielewa kwamba tayari ulikuwa unafikiria siku utakayoondoka.

Ee mume wangu, zile asubuhi zetu! Ulinifundisha kumtunza huku kidevu chako kiko begani mwangu. Maji mapya kila asubuhi, hata kama ya jana yanaonekana safi. Ulezi, jani la lengalenga, mchicha wetu, lililooshwa, ganda la yai lililochemshwa na kusagwa. Kijiti cha mpera cha kusimamia, ili apate na cha kutafuna. Jioni kikwembe juu ya kizimba, na upepo usimpige. "Na avoka usimupe," ulisema ukinionyesha parachichi, "hata akikuomba na macho. Avoka inaua ndege." Nikakuuliza, na mimi nikikuomba na macho? Sitaandika ulichojibu, barua hii inaweza kufunguliwa njiani.

Ukamfundisha pia mluzi wako, ule uliokuwa ukinipigia kwenye kona ya chini ya barabara wakati wa uchumba: unapanda kwanza, kisha unashuka polepole. Ulipokwenda Mubi kutengeneza pikipiki za watu, Bijou aliendelea kuupiga, na kila mara moyo wangu uliruka.

Kisha mvua ikaanza, na baridi ya milima yetu unaijua. Bijou akajikunja, manyoya yamevimba kama mpira. Mama yako akamwonea huruma kweli. "Hii ndege inasikia baridi kama mutoto," akasema, akamchukua na kumtundika jikoni juu ya moto, pale pale tunapoweka mbegu za maharagwe ili zisiliwe na wadudu. Alikuwa na furaha kunisaidia. Na mimi, mume wangu, nikanyamaza.

Ungenielewa ungekuwa hapa. Katika jiko lile bado naomba ruhusa kabla ya kufunua chungu. Ningewezaje kuteremsha kitu alichokitundika mama mkwe kwa mkono wake? Wangesema bibi harusi amesoma, sasa anakataa mikono ya mama. Lakini moshi ulikuwa unapanda moja kwa moja kwenye kizimba. Nilimenya viazi nikimtazama. Mdomo wake ulikuwa wazi. Mkia ulipanda na kushuka kwa kila pumzi, kama mtu anayesukuma mzigo mlimani. Mbegu zinapenda moshi. Kitu chenye mapafu madogo kama yale hakiwezi kuupenda.

Nikakuona akilini siku utakayorudi, unashuka kwenye gari pale kona, unapiga mluzi, na hakuna anayekujibu. Kisu kikaniponyoka.

"Mama," nikasema, "Bijou anapumua na mkia."

"Ndege gani inapumuaka na mukia?" Akainuka, akasogea, akatazama kwa muda mrefu. "Eee. Kweli. Moshi inamukaba." Akamteremsha haraka kuliko nilivyotegemea. "Na wewe uliona, ukanyamaza?"

"Niliogopa, Mama."

"Uliniogopa mimi? Mimi niko chui? Siku ingine useme, mutoto wangu. Bwana yako akifika akute ndege amekufa, ni mimi atalaumu, wewe atakubusu tu!"

Yeye ndiye aliyejaza maji ya moto kwenye chupa, akaifunga kwa kitambaa na kuiegemeza kando ya kizimba, humu chumbani ambako hakuna moshi wala upepo. Nilimsikia akimwambia Bijou, "Kunywa maji, papa, kunywa," kama vile ni mjukuu.

Mkia umetulia kidogo sasa. Jana alikula ulezi kiasi. Lakini bado anasinzia mchana, nami naogopa. Nakuogopea na wewe pia, maana wanasema magari yamekwama kwenye tope la njia ya Mubi, na simu yako haipiti hata nikipanda juu kilimani. Nyinyi wawili mmeninyamazia kwa wakati mmoja. Ni mengi kwa mke mpya.

Nilikuwa nimefika hapa katika kuandika, nikasikia mluzi.

Ulikuwa dhaifu, umekwaruza. Nje, Mama akaangusha jembe na kukimbia hadi kona ya nyumba. "Amefika?" akaita. Nilijua ni Bijou, kizimba kilikuwa magotini pangu! Hata hivyo nilitoka, nikasimama kando ya Mama, na sote wawili tukatazama chini barabarani, kulikokuwa na ukungu tu.

Amepiga ile nusu inayopanda. Nusu inayoshuka bado hajaiweza. Njoo uimalizie wewe, kutoka kona ya chini, nami nitakuwa nimekwisha kufungua mlango.

Ni mimi, mke wako, na Bijou aliye magotini pangu.