Ummy na sindano ya maumivu

Tulia shoga yangu, uko wapi? Pokea simu basi!

Mdogo wangu Ummy kajifungua kwa upasuaji leo asubuhi. Mtoto wa kike, mzima. Lakini ganzi ilipoisha alilia mpaka wagonjwa wengine wakageuka kumtazama.

Nikamwita nesi. Unajua kanijibu nini? "Huyu si anakunywa methadoni? Inamtosha. Wala unga wanajua sana kuigiza."

Kuigiza! Mtu kapasuliwa tumbo!

Na Ummy kaacha unga mwaka mzima kwa hiyo dawa ya methadoni, we shahidi. Sasa ananivuta kanga, ananinong'oneza, "Dada, nenda Kiwira kwa yule jamaa wa unga. Kidogo tu. Nakufa."

Nikatoka, nikamkuta daktari koridoni, nikamwambia yote, hata hilo la Kiwira.

Akamfuata nesi. "Methadoni inamzuia arosto ya kukosa unga tu. Kidonda kinamuuma kama mzazi mwingine yeyote." Akasimama pale mpaka Ummy akachomwa sindano.

Sasa kalala. Mtoto nimempakata mimi.

Lakini nisingemkuta yule daktari, ningeenda Kiwira. Wallahi Tulia, ningeenda.