Kitambaa Cheusi Kisicho na Jina

Kumbukumbu ya Ustadh Chasib Lafta (Abu Maytham), mwandishi wa khati, Zubeir, Basra

Ni mwaka mzima sasa, Abu Maytham, tangu ulipotuachia kalamu zako za mwanzi na ugomvi ambao haujaisha.

Mtaa ulikujua kwa vitambaa vyeusi vya msiba, vile vinavyotundikwa ukutani ili mpita njia ajue nani katutoka. Mfiwa alifika kwako kabla hajafika kwa mchimba kaburi. Ulimpa chai ya ndimu kavu, ukamsikiliza, kisha ukaandika kwa rangi ya manjano jina la marehemu na sababu ya kifo chake. Hukupenda sifa za kuazima. Mtu akitaka baba yake aitwe nguzo ya mji, ulimwuliza, "Mji upi huo uliosimama?" Walikasirika, na bado walirudi.

Nyuma ya shule, kando ya mashamba ya nyanya, kimebaki kifaru kilichopigwa vitani kwa risasi za urani. Ulisoma kila ulichopata juu ya risasi hizo: kwamba madini yake mazito huwaka yanapopenya chuma, yakageuka vumbi jembamba, kwamba vumbi hilo halina makali sana nje ya mwili, lakini likivutwa kwa pumzi au likimezwa linaweza kudhuru mapafu na figo, kwamba vipande vyake huliwa na kutu ardhini polepole, vikielekea kwenye maji ya visima. Uliwasoma pia wanaosema hatari imetiwa chumvi. Hukuwatukana. Ulisema tu kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuleta watoto wake kucheza pale.

Wetu walicheza. Uliwachorea fuvu jekundu ubavuni mwa kifaru liwatishe. Wakalipenda, wakaja hata wa mitaa ya mbali. Ndipo ulipokumbuka kwamba katika mji huu mtoto hukanyaga kila kitu isipokuwa msiba. Ukakivika kifaru kitambaa cheusi, maneno yote yakiwa mahali pake, nafasi ya jina ikiwa tupu.

Jirani yetu Umm Falah alikuja mbio.

"Poleni jamani! Nani katutoka?"

"Bado."

"Bado nini? Kitambaa si kile pale!"

"Kitambaa kimetangulia. Maiti anapanda na kushuka pale kila jioni. Wa kwako ni yule mwenye kandambili za kijani."

"Kinywa chako kikauke, Abu Maytham! Nimeacha wali unaungua kwa ajili ya matanga hewa!"

Alikutukana njia nzima mpaka kwenye kifaru, akamshusha mwanawe Falah kwa sikio. Tangu siku ile hakuna mtoto aliyepanda.

Kisha akaja bwana mmoja wa ofisi ya mji.

"Ustadh, shusha kitu hicho. Unatia watu hofu, na ushahidi hakuna."

"Mmepima?"

"Hatujapima."

"Basi hamna ushahidi, wala hamna la kukanusha. Ondoeni kifaru, kitambaa nitakishusha mwenyewe."

Hakuleta kipimo wala winchi. Alileta ngazi. Kila alipokishusha, uliandika kingine.

Ulipougua saratani ya damu, daktari alisema huenda ni vumbi, huenda silo. Ukamjibu, "Hiyo 'huenda' yako iko nyuma ya shule, daktari. Iondolewe kwanza, tubishane baadaye."

Mwanao Maytham hakuridhika.

"Baba, ukituacha, nafasi ile naijaza kwa jina lako. Tuone nani atathubutu kuligusa."

"Usithubutu wewe. Mimi sijui kinachoniua. Wao pia hawajui. Tofauti ni kwamba mimi nimeuliza. Nimeandika misiba ya watu wote hawa bila kuongeza neno. Usinizike na uongo, mwanangu."

Alinuna siku nyingi, kisha akatii. Sasa anaandika yeye. Herufi zake ndefu bado zinalegea; ungemrudisha mezani. Juzi ngazi ilikuja tena, na leo kitambaa kipya kiko juu ya kifaru. Ofisi ya mji imetuambia tukijaze jina au tukishushe. Hatukijazi. Nafasi ile si yako, wala si ya Falah, wala ya mtoto mwingine yeyote wa Zubeir. Tunaiacha tupu kwa makusudi, na tunakusudia ibaki hivyo. Wenye dhamana waje na vipimo na winchi. Wakija na ngazi, watukute na kitambaa kingine mkononi.

Unakumbukwa na mkeo Fakhriya. Wanao Maytham na Sundus. Dada yako Nashmiya. Mjukuu wako Karrar, ambaye hajawahi kukanyaga chuma kile. Na Umm Falah, ambaye hajakusamehe wali wake.

Hutasahaulika kamwe, Abu Maytham. Na kitambaa hakishuki.