Asali Yako Iliyoganda

Al Khuwair, Maskat
18 Januari 2025

Mpendwa ndugu yangu Suud,

Assalaam alaykum. Leo nakuanza mie kwa salamu, ijapokuwa mkubwa ni mie, na huko chini utaona kwa nini. Hujambo? Wifi yangu Zuwena hajambo, na goti lake limepoa? Mvua za vuli zilikunyesheeni vizuri huko Konde, au mlibaki kutazama mawingu?

Sie huku tuwazima. Mama anatembea kwa mkongojo, lakini ulimi wake hauhitaji mkongojo, bado anatutawala sote. Baridi imeingia, basi anavaa soksi mbili mbili na kunilaumu mie, utasema nimeileta.

Najua hukuitarajia barua hii. Simu yangu hupokei tangu mwezi wa pili mwaka jana, na haki unayo. Nimeona niandike, kwa sababu ni sauti iliyonitia makosani. Kwa kalamu angalau naweza kulikata neno kabla halijakufikia.

Jana Ijumaa asubuhi Noof, binti yangu, alinitoa nyumbani kwa nguvu kunipeleka soko la wakulima, hili linalowekwa bustanini msimu wa baridi. Mie nlijua nakwenda kununua mabilingani. Kulikuwa na figili, malimau, jibini ya mbuzi, na vijana wanaouza kahawa kwa bei ya kukutoa roho. Mwisho wa safu, chini ya turubai, nkamkuta mzee mmoja, Musallam jina lake, anafuga nyuki mwenyewe huko milimani, ndani ya magogo ya mitende yaliyochimbwa. Gogo moja kalileta watu walione. Nlisimama hapo hapo, Suud. Nlikukumbuka weye na mizinga yako juu ya mikarafuu, na nlitamani ungekuwapo.

Akatuonjesha. Kwanza asali ya mkunazi, nzito na tamu kwelikweli. Kisha ya mgunga, nyeusi, inaacha uchungu kidogo kooni. Ya tatu ilikuwa ndooni, nyeupe, imeganda chembechembe kama samli ya asubuhi. Mie na mdomo wangu nkamwambia kwa Kiarabu, mbele za watu, kuwa hiyo kaitia sukari.

Hakukasirika. Aliniuliza ya kwangu nyumbani naiweka wapi. Nkamjibu, kwenye friji. Mzee alicheka mpaka akaliegemea gogo lake. Kisha akanieleza kwa upole kuwa asali safi nayo huganda ikipata baridi, na zipo zinazoganda upesi kuliko nyengine. Akachota vijiko viwili, akavitia ndani ya gilasi, akaiweka gilasi kwenye bakuli la maji ya moto, tukasimama kungoja. Taratibu ikayeyuka, ikawa asali kama unavyoijua. Noof alinitazama tu. Mie sikuweza kumtazama.

Kwa sababu ile chupa ya asali uliyompelekea Mama, nliitia frijini siku ileile ilipofika. Huko Konde na joto lenu haigandi, na sie tulipokuwa wadogo friji tulikuwa tunaisikia tu. Baada ya wiki tatu nkaikuta nyeupe. Hapo ndipo nliporikodi ile sauti nkaipeleka kwenye grupu la ukoo mzima, kuwa Suud siku hizi anamlisha mamake sukari. Watu arubaini na tatu waliisikia. Weye uliyevimba jicho kwa kuumwa na nyuki ili Mama apate dawa ya koo lake. Ukatoka kwenye grupu bila ya neno, na mie nkajiambia kuwa kunyamaza kwako ndio ushahidi.

Nlikudhulumu, ndugu yangu. Nakuomba radhi, na sina cha kujitetea. Jana hiyohiyo nimewarikodia watu walewale kuwa wenye kosa ni friji na Hamdiya. Wamenicheka mpaka basi, na nastahiki.

Kuna jambo hulijui, hata mie sikulijua. Chupa yako nliitupa kwenye ndoo ya taka jikoni. Jana niliporudi nkamueleza Mama yote, huku nalia. Akaniagiza nifungue kasha lake. Chupa ilikuwamo, imeviringishwa kipande cha kanga, tupu, haina hata tone. Kumbe aliiokota siku ileile, akawa anakula kijiko kila alfajiri, imeganda vivyo hivyo, mpaka ikaisha. Nkamuuliza mbona hakunambia. Akasema, "Mie namjua mwanangu. Nlikuwa nangoja umjue na weye."

Jirani yetu Marwan anasafiri Jumanne, na atavuka mpaka Pemba. Anakuletea chupa hiyo. Nimeijaza asali ya mgunga ya mzee Musallam. Kwetu chombo cha mtu hakirejeshwi kitupu, Mama ndivyo alivyotulea sote wawili. Basi chupa iko kwako sasa, na zamu ya kuijaza ni yako. Safari hii itakaa kabatini, nakuahidi.

Nisalimie sana Zuwena, mwambie goti alikande kwa mafuta ya habbasoda. Wanao wabusu mmojammoja, hata huyo mwenye ndevu. Noof anakuamkia. Mwenyezi Mungu akupe siha, akubarikie mizinga yako, na atukutanishe Mama angali anatuona.

Salamu zako kwa Mama zinafika kupitia kwa watu, na anazipokea. Lakini kila Ijumaa baada ya sala huniuliza kama umepiga simu, na kila Ijumaa namwambia mtandao wa Pemba mbovu. Marwan atakufikia kabla ya Ijumaa ijayo. Nipigie, nimpe Mama simu, nisimdanganye tena.

Dada yako akupendaye, na aliyekukosea,
Hamdiya